Jiji Linaishia Wapi? Bagamoyo na Muuzaji Asiyehesabiwa

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, idadi ya watu Tanzania ilipanda kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120. Hilo ni ongezeko la asilimia 37 hivi. Katika miaka hiyohiyo Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani asilimia 23 na ushei. Anayezisoma tarakimu hizi bila kuijua nchi atasema Dar imepoa. Jiji ambalo kila mkutano wa mipango miji hulitaja miongoni mwa yanayokua kwa kasi barani Afrika limekua polepole kuliko taifa zima! Msomaji huyo atakuwa amedanganywa na mpaka.

Watu hawakuacha kuja Dar. Wamevuka mto tu. Mkoa wa Pwani, unaoizunguka Dar kwa upande wa nchi kavu, ulikuwa na watu milioni 1.1 mwaka 2012, na kufika 2022 walikuwa wamepita milioni 2. Ukiifuata Barabara ya Bagamoyo ukaiacha Bunju nyuma, unavuka Mto Mpiji, na hapo kwa mujibu wa ramani za serikali jiji limekwisha. Abiria aliyesinzia dirishani hana dalili yoyote ya kumwamsha. Mapinga ina maduka ya saruji na nondo kama ya Bunju, ina mafundi wa mageti kama wa Boko, na mabango ya viwanja vilivyopimwa yanaendelea Kerege, Zinga na Kiromo mpaka unaingia mji wa Bagamoyo wenyewe. Yule mkazi wa Kerege anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la Makumbusho huhesabiwa kuwa mtu wa Pwani, wilaya ya Bagamoyo, na mara nyingi wa kijijini. Mshahara wake, foleni yake na presha yake vyote ni vya Dar.

Wanajiografia wa miji wana swali ambalo kwa nje linaonekana la kitoto: jiji linaishia wapi? Nimelifuatilia kwa muda, kwa sababu sisi tunaokaa Bagamoyo ndio tunaoishi ndani ya jibu lake. Nadhani zana walizojitengenezea kulijibu ni nzuri kuliko zile za serikali. Lakini zote zina upofu wa aina moja, na upofu huo unatuhusu sana.

Tuanze na namna wanavyopima. Kwa miaka mingi kila nchi ilijiamulia yenyewe mji ni nini, na mkanganyiko ulikuwa mkubwa. Nchi moja inahesabu kila makao makuu ya wilaya kuwa mji, nyingine inataka watu elfu kadhaa, nyingine inatazama kama wengi wao hawalimi. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ikaridhia njia moja ya kulinganisha nchi zote. Dunia inagawanywa katika miraba ya kilomita moja ya mraba. Miraba iliyopakana, kila mmoja ukiwa na watu wasiopungua 1,500 na yote kwa pamoja ikifikisha watu 50,000, hiyo ni kitovu cha mji. Penye watu 300 kwa kila mraba na jumla ya 5,000, hapo pana mji mdogo au kitongoji. Palipobaki ni shamba. Mpaka wa mkoa hauulizwi, wala jina la halmashauri.

Wataalamu wa Africapolis, mradi unaochora miji ya Afrika nzima, wana kanuni nyingine iliyo rahisi zaidi kuieleza. Wanatazama picha za setilaiti na kufuata majengo. Ikiwa kati ya nyumba na nyumba hakuna pengo la mita 200, bado uko katika mji uleule, na mji huo ukifikisha watu 10,000 unaingia katika orodha. Kwa kanuni hiyo mtu anaweza kuanza na nyumba moja ya Tegeta, akaruka kwenda ya pili, ya tatu, na kujikuta ameuvuka Mpiji bila kuinua kalamu. Atakwama pale palipobaki korosho, minazi au mashamba ya chumvi. Mapengo hayo kila mwaka yanapungua.

Zana hizi zinasaidia. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipigwa tangu 1972, na tangu 2008 yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua bure, kwa hiyo mwanafunzi wa Dodoma ana kumbukumbu ileile aliyonayo profesa wa Boston. Lakini paa si mtu. Nenda Zinga uone. Kuna nyumba zilizoezekwa bati la rangi, zina geti la chuma, na ndani hamna anayelala, kwa kuwa mwenyewe yuko Kinondoni kwenye nyumba ya kupanga akingoja bonasi ya kuwekea madirisha. Jirani yake kuna pagale lisilo na paa, na ndani mna familia nzima. Baba ni mlinzi wa kiwanja, mama amelima mihogo na kunde katikati ya kuta, watoto wanasoma shule ya msingi ya kijiji. Setilaiti itaiona nyumba tupu na kuipita yenye watu. Sensa itaiona yenye watu, kisha itawaandika kama wakazi wa hapo, ilhali siku mwenye kiwanja atakapopata pesa ya kupaua, hao watahama.

Hilo ni la kupima. Kundi la pili la wanajiografia linauliza kitu kikubwa zaidi: baadhi ya majiji yanaishikaje dunia? Hili ndilo lililotuletea msemo wa majiji ya dunia. Mwaka 1986 John Friedmann aliandika kwamba uchumi wa dunia una vituo vyake vya kutolea amri, na kwamba majiji yanaweza kupangwa kwa madaraja kulingana na nafasi yao katika amri hizo. Miaka mitano baadaye Saskia Sassen alichapisha kitabu juu ya New York, London na Tokyo, na hoja yake ilikuwa kali. Watu walidhani simu na kompyuta zingeua majiji, kwamba kiwanda kikiweza kuwa popote basi bosi naye anaweza kukaa popote. Sassen akasema ni kinyume chake. Kadiri viwanda vinavyotawanyika, ndivyo kampuni zinavyohitaji wanasheria, wahasibu, mabenki, watu wa matangazo na washauri waliokaa pamoja mahali pamoja ili kuiendesha hiyo kazi iliyotawanyika. Majiji ya dunia huzalisha uwezo wa kuongoza.

Tangu 1998, Peter Taylor na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wameigeuza hoja hiyo kuwa hesabu. Wanachukua kampuni kubwa za huduma hizo na kuangalia kila moja ina ofisi wapi na ofisi hiyo ina uzito gani, kisha wanatoa alama kuanzia 0 hadi 5. Kutokana na mtandao huo wa ofisi majiji hupangwa kuwa alfa, beta na gama. Viongozi wa miji wanaipenda mno orodha hii. Meya akipanda daraja anafanya sherehe.

Bagamoyo haimo, na sioni sababu ya kulalamika. Ninachouliza ni kitu kingine. Hoja ya Sassen, ikichukuliwa kwa uzito wake, inaeleza kitu kilichotokea hapa miaka mia moja kabla ya kitabu chake, na orodha za leo zingeshindwa kukiona hata siku kilipokuwa kinatokea.

Fikiria Bagamoyo ya miaka ya 1880. Pembe za ndovu zinashuka kutoka Tabora na Ujiji mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, maelfu kwa maelfu kila msimu. Zikishafika pwani zinavushwa kwa jahazi kwenda Unguja, na kutoka huko nyingi zinakwenda Bombay, London na Marekani. Katika jimbo la Connecticut, viwanda vya Deep River na Ivoryton vinazikata kuwa vibao vya piano. Bara linapokea shanga, nyaya za shaba na kitambaa kilichoitwa merikani kwa sababu hapo mwanzo kilitoka kwenye vinu vya Massachusetts. Hakuna aliyeweza kuondoka pwani na kusafiri miezi kadhaa bila mtu wa kumkopesha bidhaa, kumtafutia wapagazi, kumfanyia hesabu za posho na kubeba hatari ya msafara kutorudi. Bagamoyo mtu huyo alikuwapo. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Unguja, alikopesha misafara, akaiuzia mali na kuipatia wapagazi, na Henry Morton Stanley ni mmoja wa wateja wake. (Jina lake lingalipo Muhimbili, kwenye jengo la Sewa Haji, na wagonjwa wengi wanaolazwa humo hawajui aliyetoa fedha za hospitali ya kwanza alipata wapi.) Mikopo, bima ya kienyeji, usambazaji wa nguvukazi: hizo ndizo huduma za uongozaji anazozizungumza Sassen, zikitolewa katika nyumba za mawe za mji ambao leo unauza tiketi za kutazama magofu.

Halafu yote yakahama. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu Dar es Salaam, kwa kuwa bandari ya Dar ina kina, wakati Bagamoyo meli kubwa lazima zitie nanga mbali. Mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar, ikafika Kigoma 1914, na biashara ya mabega ikafa. Mji uliokuwa mlango wa nusu ya bara ukageuka kuwa kijimji cha samaki na nazi. Nasisitiza historia hii kwa sababu wanaosoma majiji ya dunia huizungumzia nafasi ya mji kama alama ya mtihani, kana kwamba mji uliokosa alama haukusoma. Bagamoyo ilinyimwa kazi yake kwa uamuzi wa serikali moja na kwa kina cha maji.

Jennifer Robinson, mwanajiografia aliyetokea Afrika Kusini, aliikosoa orodha hiyo mwaka 2002 kwa hoja ambayo mimi naiona imetosha: ukichora ramani ya dunia kwa kutumia kampuni chache za sekta chache, mamilioni ya watu wanatoka nje ya ramani, kisha unaanza kuwashauri wenye miji yao waige London. Alitaka miji yote isomwe kama miji ya kawaida, kila mmoja na mchanganyiko wake wa shughuli. Nakubaliana naye. Ila nadhani kuna jambo moja la Sassen ambalo wakosoaji wake wameliacha kirahisi mno. Aliona kwamba majiji hayo ya wanasheria na mabenki yanazaa pia jeshi la watu wa mishahara midogo: wafagiaji, walinzi, wapishi, yaya. Dar si Tokyo, lakini majengo ya vioo ya Posta na Upanga yanafagiliwa na mtu, na mtu huyo hawezi kupanga chumba Upanga. Ndiyo maana kuna gari la saa kumi alfajiri Kerege.

Hapa masomo mawili ya wanajiografia, la majiji makubwa na la vitongoji, yanakutana barabarani. La vitongoji lina ukoo mrefu zaidi. Mwaka 1925 Ernest Burgess wa Chicago alichora mji kama duara ndani ya duara: biashara katikati, kisha vibanda vya wahamiaji, kisha nyumba za wafanyakazi, na nje kabisa watu wa treni ya asubuhi. Homer Hoyt akamsahihisha 1939, akasema mji hukua kama vipande vya keki kufuata njia kuu za usafiri. Mwaka 1945 Chauncy Harris na Edward Ullman wakaongeza kwamba mji mkubwa huwa na vitovu vingi. Wanafunzi wetu wa kidato cha sita bado wanakariri michoro hiyo mitatu kwa ajili ya mtihani. Kama ni lazima nichague mmoja nitamchukua Hoyt, kwani Dar imenyooka kufuata barabara zake nne: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Lakini wote wanne walikuwa wanaeleza nchi ambamo barabara, bomba na mkopo hufika kabla ya nyumba.

Mfano wao mkubwa wa kitongoji ni Levittown, nje ya New York. Ilianza 1947, na ndani ya miaka michache zikasimama nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana, zikinunuliwa kwa mikopo ya miaka mingi iliyodhaminiwa na serikali kuu, na Wamarekani Weusi wakakatazwa kuzinunua. Serikali na benki ndizo zilizojenga kitongoji, mkazi akahamia na masanduku yake.

Kiromo mambo huanza na shamba la korosho. Mwenye shamba anauguliwa, au mtoto kafaulu kidato cha nne, au mjomba kafa na warithi ni saba. Anakuja dalali. Robo ekari inauzwa kwa mwalimu wa Dar, robo nyingine kwa askari, nyingine kwa mama muuza vitenge wa Kariakoo. Baada ya hapo kila mmoja anajenga kwa pumzi yake. Mwaka huu tripu mbili za mchanga na tofali elfu moja. Mwaka ujao msingi. Kisha boma linapanda mpaka kwenye linta na kusimama miaka mitatu kwa kuwa mtoto ameingia chuo. Ukipaua umeshamaliza vita kubwa, unahamia bila plasta, unaning'iniza shuka mahali pa mlango wa chumbani. Mkopo wa nyumba wa benki, kwa watu wengi wa huku, ni habari ya wenye kazi fulani. Wengine wanaweka akiba katika tofali, kwa sababu tofali halitolewi kwa simu usiku shemeji anapopiga. Umeme unafika nyumba zikishakuwa kumi, barabara ya mtaa mvua ikishaua gari la mtu mwenye kauli, na maji baadaye sana.

Kuhusu maji kuna kejeli ambayo wageni huipenda. Mtambo wa Ruvu Chini uko ndani ya wilaya yetu ya Bagamoyo. Uwezo wake ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, na bomba kuu linashuka kufuata barabara kwenda kulisha Dar. Kwa DAWASA, Dar na Bagamoyo ni eneo moja la huduma tangu zamani. Mamlaka ya maji ilikwishatambua kwamba huu ni mji mmoja kabla ya wanaochora mikoa. Kwa miaka mingi, hata hivyo, watu waliona bomba likipita mlangoni pao huku wakinunua maji ya madumu.

Wapo waliousoma ujenzi huu kwa makini. Profesa Wilbard Kombe wa Chuo Kikuu Ardhi alionyesha zamani kwamba soko la ardhi la pembezoni mwa Dar halikuwa vurugu kama maofisa walivyodai. Lilikuwa na utaratibu wake: mjumbe, majirani wa pande nne, mashahidi, karatasi iliyogongwa muhuri. Claire Mercer wa London ametumia miaka akifuatilia tabaka la kati linalojenga kaskazini mwa Dar, upande wetu huu wa Barabara ya Bagamoyo, na hoja yake ni kwamba tabaka hilo halikuwepo kwanza ndipo likahamia kitongojini. Kununua kiwanja, kusimamisha fensi na kuwa na jirani wa aina fulani ndiko kulikowafanya kuwa tabaka. Mimi hilo nimeliona kwa macho, na pengine nimo ndani yake. Huku kwetu ukimuuliza mtu anafanya kazi gani atakujibu kwa kifupi. Ukimuuliza nyumba imefika wapi, andaa kiti.

Sasa kuhusu upofu. Daraja za Loughborough zinahesabu ofisi. Setilaiti inahesabu mapaa. Sensa inahesabu aliyelala hapo usiku ule. Tafiti nyingi za vitongoji zinamfuata mnunuzi: alikotoka, alivyojikusanyia, anavyosafiri kwenda kazini. Yule aliyemuuzia yuko wapi? Shamba la korosho lilikuwa na mwenyewe. Alikuwa na miti, kaburi la bibi, njia ya kwenda kisimani na wajukuu waliotegemea kugawiwa. Alipokea fedha, akasaini au akaweka dole gumba, na kuanzia siku hiyo hayumo katika hesabu ya mtu yeyote.

Tunajua kwa kusikia mitaani kinachowapata. Baadhi wamejenga nyumba ya tofali pale kwenye kipande walichobakiza, wakafungua genge, na watoto wao ndio mafundi na bodaboda wa mtaa mpya. Hao mji umewaokota. Wengine walinunua pikipiki, pikipiki ikafa. Wengi wamesogea ndani, Fukayosi, Makurunge na kwingineko mbali zaidi na jiji, wakanunua shamba kubwa zaidi kwa bei ya chini, na baada ya miaka kadhaa dalali aliwafuata hukohuko. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Kupona kwa mwenyeji kunaweza kupimwa, na kipimo ni kuangalia kama baada ya miaka kumi bado ni mwenyeji.

Sheria nayo inachangia kumficha. Sheria mbili za ardhi za 1999, Namba 4 na Namba 5, zinatenga ardhi ya jumla na ardhi ya kijiji. Katika ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ni mdhamini, na kugawa ardhi ni jambo la kupelekwa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa maandishi ni ulinzi mzuri sana. Tatizo ni kwamba sheria hiyo ilitungwa ikimfikiria mwanakijiji anayeomba eneo la kulima. Haikumfikiria dalali mwenye wateja ishirini wa Dar wanaotaka mita 20 kwa 20. Kwa hiyo sehemu kubwa ya barabara yetu imeishi muda mrefu katikati: kijiji kwa sheria, kitongoji cha jiji kwa biashara. Siku mipango miji inapofika, na wapima wakapita na mawe yao, urasimishaji unamkuta aliyepo. Ramani mpya inaanza historia siku hiyo. Jina la aliyeuza halina pa kuandikwa.

Mradi wa bandari ya Bagamoyo ulilifanya jambo hili kuwa kubwa zaidi. Makubaliano yalitiwa saini Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipozuru nchini; jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015 pale Mbegani; mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti hadharani; mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Pembeni yake kulikuwa na eneo maalumu la kiuchumi lililokadiriwa hekta 9,800 hivi. Mwanajiografia wa majiji ya dunia akija kuandika juu ya hili atazungumzia njia za meli, kampuni ya China Merchants, ushindani wa Mombasa. Sawa. Lakini kabla gati halijapata hata nguzo moja, ardhi ilikuwa imeshazungukwa, imethaminiwa na kupandishwa bei. Watu walilipwa fidia, wengine wakabishana juu yake, wanunuzi wa kubahatisha wakanunua kandokando wakitarajia makontena. Bandari haikuja kwa wakati ule, ila uhamaji wa ardhi ulikuja. Uchumi wa dunia ulikifikia kijiji cha Mlingotini, penye eneo la mradi, bila kufungua ofisi hata moja, na kwa hesabu ya alama za 0 hadi 5 hapakutokea kitu.

Terry McGee, mwanajiografia aliyeichunguza Java ya Indonesia na nchi za jirani, alifika karibu na jambo hili aliposema mwaka 1991 kwamba maeneo ambamo shamba na mji vimechanganyika si hatua ya mpito kuelekea mji kamili; yanaweza kudumu hivyohivyo vizazi na vizazi. Ingefaa wapangaji wetu walisikie hilo. Mpango kabambe ukichorwa kwa dhana kwamba mihogo iliyo katikati ya mapagale ni uchafu wa muda, utamwondoa mlinzi na mkulima kwa pamoja, halafu tutashangaa mchicha umepanda bei.

Ninachopendekeza si zana mpya. Data ipo, tena ni ya karatasi. Kila kiwanja kilichouzwa kati ya Mapinga na mji wa Bagamoyo kilipata hati ya mauziano, na nakala moja kwa kawaida ilibaki ofisi ya kijiji au ya serikali ya mtaa. Humo mna jina la muuzaji na la mnunuzi, ukubwa, bei, tarehe, mashahidi, majirani wa mipaka na sababu ya kuuza pale ambapo mwenyekiti alikuwa mtu wa kuandika. (Ile asilimia iliyotozwa pamoja na muhuri tuiache kwa leo, ilisemwa si halali, na kila mtu anajua.) Ukizipanga kwa mwaka na kwa umbali kutoka barabarani, utaona ukingo wa mji ukisogea ekari baada ya ekari. Ukiyafuata majina ya wauzaji utaona ulikowasukuma. Setilaiti yoyote haitakupa hilo.

Zina kasoro, bila shaka. Bei nyingine zimepunguzwa ili tozo ipungue, kiwanja kimoja kimeuzwa mara mbili, mume kauza bila mke kujua. Nazo ni mali ya watu, hivyo mtafiti atalazimika kuficha majina na kuomba ridhaa kijiji kwa kijiji, kazi ya miezi mingi. Bado ni chanzo bora kuliko vyote nilivyovitaja, na kiko hatarini. Ofisi za vijiji zinahama kila uongozi ukibadilika, makabrasha yanaliwa na mchwa, na kadiri hati miliki zinavyotolewa karatasi za zamani zinaonekana hazina kazi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa jiografia wa Ardhi au wa Mlimani anayetafuta mada ya tasnifu aachane na London. Achukue kibali cha halmashauri, aanzie Kerege, apande mpaka Kiromo, kisha aipinde lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, maana bei za huko zimeshaanza kupanda na wauzaji wa kwanza bado wako hai wa kuulizwa. Aanze na makabrasha ya miaka ya kabla ya lami. Hayo ndiyo yatakayokuwa ya kwanza kutupwa.